Madigadi ya Kumfikisha Mama Kanisani

Jumapili ya kwanza mume wangu alipompeleka mama yangu kanisani kwa gokati, alimfikisha na mavi ya ng'ombe kwenye kitambaa cha kichwa. Kitambaa cheupe, kile cha akina mama wa kanisa, ambacho mama alikuwa amekifua, akakitia wanga, akakipiga pasi ya makaa akiwa amekaa kwenye stuli. Mengine yalikuwa shavuni, na mengine yamemwingia kinywani, kwa sababu njiani alikuwa akitabasamu. Nilisimama langoni na kitabu cha nyimbo mkononi, nikamtazama mama akitema. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na nimefuta uchafu wa kila aina, lakini kinyaa cha namna ile sikuwa nimewahi kukisikia.

Gokati yenyewe ilikuwa ya kuundwa nyumbani. Mume wangu ni fundi wa pikipiki hapa Ruiri, na kabla ya hapo alikuwa fundi Embu mjini, ambako tulioana na kuishi miaka yetu ya kwanza. Fundi hatupi kitu. Tulipohama Embu, lori lilijaa vyuma kuliko vyombo vya nyumba, na vyote vikamwagwa nyuma ya jikoni langu: magurudumu ya tuktuk, mabomba ya maji, usukani wa gari ambalo hata sikujua lilikuwa la nani. Kitanda chetu cha kwanza nacho kikaenda huko, kile cha chuma cha rangi ya kijani tulichochomewa na fundi wa kando ya barabara, kwa sababu tulikuwa tumenunua cha mbao. Kikaegemezwa kwenye banda la mbuzi, kuku wakakifanya mahali pa kulala, na baada ya msimu mmoja hukuweza kukikaribia bila kuziba pua. Mimi nilikisahau.

Basi kutoka kwenye rundo lile, na injini ya pikipiki iliyoponea ajali, mume wangu aliunda kitu cha chini chini chenye magurudumu manne, kisicho na mlango wala paa, kinachoshuka mitaro na kuvuka mashimo bila kulalamika. Alikuwa ameona watu wakiendesha vitu vya namna hiyo kwenye simu. Alikiundia pale nilipokuwa nimepanda sukuma wiki, akamwaga oili, na sukuma hazikuota tena mahali pale. Yeye alikiita gokati. Mimi nilikiita takataka.

Hata hivyo, ni takataka hiyo tu ingeweza kumtoa mama nyumbani. Alikuwa amevunjika nyonga, aliteleza akikatia ng'ombe majani, akalazwa, akapasuliwa, akarudi na fimbo. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya kijito, na njia yote ni ule udongo mweusi wa kunata. Mvua ikigusa kidogo, gari linakaa hapo hapo. Kwenye pikipiki hakuweza kupanua miguu, na kukaa upande aliogopa. Mama akawa mtu wa kukaa ndani. Nikienda kumwona nilikuta madirisha yamefungwa, blanketi linanuka mkojo, kikombe cha chai ya jana kina inzi wawili wanaoelea. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akituchapa kwa kulaza sufuria bila kuiosha. Niliosha kikombe, nikafungua madirisha, nikaanika blanketi, na nilikuwa na hasira naye kabisa. Nilichukia vile alivyokuwa ameacha kujali, na nilichukia harufu ile zaidi kwa sababu ilikuwa yake.

Kitu kimoja tu kilichokuwa kimebaki cha kumfanya aoge na kuvaa vizuri kilikuwa Jumapili. Kwa hivyo mume wangu aliposema kwamba kiti cha gokati ni cha chini na mama anaweza kuketi bila kupanua mguu, sikubisha, ingawa kwa kawaida mimi hubisha.

Baada ya Jumapili ile ya mavi, mama alisema basi. Nilikuwa namwosha kichwa kwa maji moto kwenye karai, na maji yalikuwa yanabadilika rangi.

"Umwambie muthoni wangu ahsante," aliniambia kwa Kimeru. Muthoni ni mkwe, naye hakuwahi kumwita mume wangu kwa jina lingine lolote. "Mimi sitapanda tena. Mungu yuko hata hapa."

Nilijua maana yake. Mungu yuko hata hapa maana yake ni blanketi, madirisha yaliyofungwa na kikombe chenye inzi, mpaka siku tutakapokwenda kumtoa akiwa amebebwa na watu wanne. Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu amelala chini ya gokati akipiga mluzi.

"Iwekee madigadi ya kukinga tope," nilimwambia.

"Madam, hii ni ya ofrodi, ya njia mbovu." Huniita Madam, kama wanafunzi wangu. "Ofrodi lazima mtu achafuke kidogo. Hata wale wa kwa simu wanachafuka."

"Mama yangu si ofrodi."

Akatoka chini ya gari, akanitazama, akaona kwamba siku hiyo hakukuwa na mjadala.

Ningejua madigadi hayo yangetengenezwa na nini, pengine ningenyamaza. Bati alilikataa, akasema litakata mtu na kupiga kelele. Alitaka plastiki nene, tena iliyopinda yenyewe, na kitu kinene kilichopinda chenyewe ni pipa. Alirudi na pipa la bluu alilopewa na mtu wa kuchukua mabaki ya machinjioni. Mtu huyo hubeba matumbo na damu kwa ajili ya wafugaji wa nguruwe na mbwa, na pipa lake lilikuwa limebeba mzigo huo tangu likiwa jipya. Mafuta yalikuwa yameganda ndani yake tabaka juu ya tabaka, ya manjano chini na ya kijivu juu, na katikati kulikuwa na nywele. Inzi walilifuata kutoka barabarani. Mbuzi wetu mmoja alinusa akarudi nyuma, na mbuzi hula karatasi za simenti.

"Ni plastiki poa sana," mume wangu alisema. "Gonga uone."

Sikugonga. Nilichemsha maji. Tulilisugua kwa sabuni ya unga, tukalisugua kwa majivu, tukatia mchanga na mawe na kuliviringisha uwanjani, tukatia majani ya mpera yaliyochemshwa. Mikono yangu ilinuka mpaka darasani. Mtoto mmoja aliniuliza kama tumechinja. Nilikula kwa kijiko hata ugali. Usiku mume wangu aligeukia upande wangu, nikamwambia ageukie ukuta.

Lakini kazi yenyewe, lazima nikubali, aliifanya kwa akili. Alilikata pipa kwa msumeno wa chuma kwa urefu, kisha akakata tena, na kila kipande kikatoka na mpindo wake, karibu sawa na mpindo wa gurudumu. Palipotaka kukunjwa zaidi alipapasha moto juu ya jiko, jiko langu, na harufu ya mafuta ya matumbo iliyokuwa imejificha ndani ya plastiki ikatoka yote kwa pamoja. Majirani walifunga milango. Nilitapika kwenye mashina ya ndizi, yeye akiendelea kukunja kwa glavu za ngozi na kusema nusu saa tu, nusu saa tu.

Ya mbele aliyafunga kwanza kwenye fremu. Alipokata kona ya kwanza, gurudumu likageuka na madigadi yakabaki pale pale, na tairi ikayatafuna. Sasa tukawa na harufu ya mafuta yaliyooza na ya raba iliyoungua. Akakaa chini akafikiri, akayahamishia kwenye kile chuma kinachoshika gurudumu na kugeuka nalo, na hapo yakafuata kona bila kugusana na kitu. Ya nyuma hayakuwa na shida ya kona, lakini ndiyo yaliyokuwa muhimu, kwa sababu mama alikaa nyuma.

Hapo sina budi kueleza jinsi alivyokaa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia majanini. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake, na kitanda cha mkwe hakioni kwa macho, sembuse kukigusa. Mchungaji alishawahubiria akina mama kwamba mambo hayo ni ya giza, na mama yangu akaitikia amina kwa sauti, kisha akaendelea kumsalimu mume wangu kutoka mbali, akitazama miti. Mume wangu naye ni hivyo hivyo. Ni mtu wa kuchafuka, wa kusahau, wa kulaza oili jikoni, lakini kwa heshima ya mama mkwe hajawahi kuteleza. Alikuwa ameweka kiti cha mama nyuma ya chake na kutia ubao mzima katikati, ili hata goti lisiguse mgongo. Jirani mwanamke alimsaidia mama kupanda huko kwake, na akina mama wa kanisa walimsaidia kushuka.

Kujua kama madigadi yanafaa, tulihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha mama. Mume wangu alinitazama.

Alinifunika shuka kuukuu jeupe kuanzia kichwani, akanitobolea mahali pa uso, akanipeleka mpaka pale ng'ombe wanaponyweshwa maji, ambapo tope na kinyesi vimekuwa kitu kimoja. Akapita katikati kwa kasi. Kisha tukarudi nyumbani, nikasimama uwanjani kama nguo kwenye kamba, naye akalisoma shuka. Alama begani maana yake madigadi ni mafupi kwa juu. Alama kiunoni maana yake ni membamba. Alifurahi sana na alama zile. Alizigusa kwa kidole, akasema hii imetoka kwa gurudumu la kulia, hii imerudi kutoka kwa la mbele. Mimi nilikuwa na tope ndani ya sikio. Tulirudia tena na tena, kila mara akiongeza kipande, na mwishowe akaning'iniza raba za tyubu ya lori nyuma ya kila gurudumu kuzuia yale ya chini. Watoto wa jirani walizoea kuja kukaa kwenye ua kuona mwalimu wao akiogeshwa mavi.

Siku shuka lilipotoka jeupe, isipokuwa pindo, nililivua mwenyewe kwa uangalifu. Nililikunja nikaliweka.

Shida iliyobaki ilikuwa mikono ya kushikilia madigadi. Alikuwa ameyafunga madigadi ya nyuma kwa vyuma bapa vya dirisha la zamani, na vilikuwa vinavunjika kwenye mashimo. Alisema anahitaji bomba la mviringo, zito, ikiwezekana lililokwisha kupindwa. Tena kulikuwa na jambo lingine lililomsumbua.

"Mama akipanda, atajishikilia nini?" aliniuliza. "Jirani akikosekana? Mimi siwezi kumshika."

"Tengeneza kitu cha kushika."

"Ndio nafikiria."

Jumamosi hiyo nilikuwa kanisani kwa mazoezi ya nyimbo, kwa sababu mimi ndiye mwanzishaji. Niliporudi gokati ilikuwa imefunikwa kwa turubai na mume wangu ananawa. Akaniambia mambo ni sawa. Nilikuwa nimechoka, na kwa kweli sikutaka kukiona kitu kile kabla ya asubuhi.

Kumshawishi mama kulinichukua jioni yote. Nilimpelekea shuka. Nilimwambia nimepita kwenye mavi na shuka hili kichwani, angalia. Aliligeuza, akaliangalia dhidi ya taa, akalinusa. Mama ni mtu wa kunusa. Kisha akaniuliza kama nimekuja na wanga.

Asubuhi nilitangulia kanisani, kwa miguu, kwenye utelezi. Gokati ilisikika kabla ya kuonekana, na akina mama wote wakatoka kwenye veranda kuangalia, maana Jumapili ile nyingine hawakuwa wameisahau. Ilikuja na tope mpaka kwenye boneti, madigadi ya bluu yamekuwa meusi, mume wangu uso mzima ni madoadoa, na nyuma yake mama yangu, amekaa wima, kitambaa cheupe pe. Hakuna hata tone. Mama alipofika aliangalia kushoto, akashika chuma kilichopanda juu ya gurudumu pembeni mwa kiti chake, akajiinua polepole, akasimama mwenyewe. Hakushikwa na mtu. Akina mama wakapiga vigelegele, na mama akajifanya hasikii, lakini alikuwa akisikia vizuri.

Nilikwenda kumpa mkono tuingie. Ndipo nikakiona chuma.

Kilikuwa cha kijani. Kilipinda kwa mpindo ninaoujua, na mwishoni kulikuwa na kile kibonge cha mviringo ambacho fundi wa Embu alituwekea pande zote mbili za kichwa cha kitanda, akasema ni urembo wa maharusi. Kiganja cha mama yangu kilikuwa kimetoka kwenye kibonge hicho sasa hivi. Nimekishika kibonge hicho mwenyewe. Sitasema zaidi. Kinyaa kilinipanda kuliko siku ya pipa, na tulipoingia nikaanzisha wimbo wa kwanza kwa ufunguo wa juu mno mpaka wazee wakashindwa kufuata.

Nyumbani sikumngoja mume wangu avue viatu.

"Ni chuma gani kile umechomea kwa kiti cha mama?"

"Bomba." Alikuwa anajimiminia chai. "Si uliona vile alisimama? Limekaa poa. Lilikuwa limepindwa tayari, nilikata tu."

"Umelitoa wapi?"

"Huko nyuma, kwa mbuzi."

"Hicho ni kitanda chetu."

Aliweka kikombe chini. Kwa fundi, kitu kikishakatwa si kile tena, ni mataria tu, kitu cha kuundia kingine. Alikuwa ameona bomba, ameona mpindo, hakuona kitanda. Sasa alikiona. Nilimwangalia akikiona.

"Kile cha Embu?" aliuliza polepole, kana kwamba tulikuwa na vitanda vingi vya kijani.

Hakunywa ile chai. Alikwenda akawasha grenda ya kukatia chuma, Jumapili hiyo hiyo, na yeye si mtu wa kufanya kazi Jumapili, akakikata kile chuma cha kushikia, akakitupa kule kule kwa mbuzi. Mikono ya madigadi, ambayo ilikuwa chini na mama hakuwa akiigusa, akaikata pia, akaenda kuazima mabomba ya maji kwa jirani, kwa kuwa yetu yalikuwa yameishia kwenye fremu. Kwa kitu cha kushikia hakukuwa na bomba lililobaki. Akasema atatafuta wiki ile. Wiki ile mvua ilinyesha, pikipiki zote za Ruiri zikaharibika kwa pamoja, naye hakutafuta.

Kila mtu ninayemsimulia huuliza kwa nini sikuacha tu. Kitanda ni kitanda. Mama yangu angeshika kile kitu kila Jumapili kwa mkono ule ule anaopokelea mkate wa Bwana, mimi nikiwa mbele naimba na najua. Hata leo siwezi kusema ningeweza kuvumilia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mvua kubwa. Tulikuwa tumebanana kwenye veranda, akina mama wote na miavuli yetu, gokati ilipoingia. Madigadi yalifanya kazi yake. Mama alikuwa amejifunika nailoni na kitambaa chake kilikuwa cheupe kama wiki iliyopita. Jirani alikuwa amempandisha. Mume wangu alizima injini, akashuka, akainama kando ya gurudumu la nyuma la kushoto kuweka jiwe, kwa sababu breki ile haiaminiki. Nilikuwa nafungua mwavuli niende kumchukua mama. Mwavuli ulikwama.

Mama hakungoja. Wiki moja tu ya kusimama mwenyewe ilikuwa imemtosha kuzoea. Aliangalia mbele, kwetu, akapeleka mkono wa kushoto mahali palipokuwa na chuma na kuanza kujiinua. Mkono ukakuta hewa. Nikauona ukipapasa, mara ya kwanza, mara ya pili, na mwili wake ukiwa tayari umeacha kiti. Nilitupa mwavuli nikakimbia. Tope lilinishika kiatu. Mkono ulishuka, na ukatua kwenye bega la mume wangu.

Hakuweza kusogea, angesogea angemwangusha. Hakuweza kubaki. Alibaki, ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, mikono yote miwili ameikandamiza kwenye tope, na mama yangu akamwegemea kwa uzito wake wote, vidole vyake vimeshika shati lake, mpaka akasimama. Kwenye veranda hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Mama alitazama mkono wake, kisha akaupangusa kwenye nailoni. Sikuwahi kumwona mtu akipangusa mkono kwa uangalifu hivyo. Mume wangu alinyanyuka, akaondoka bila kugeuka, akaacha gokati pale. Alikwenda nyumbani kwa miguu.

Ibada ilipokwisha, mama alikataa kutoka. Alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka kanisa likabaki sisi wawili.

"Kile cha kijani kimekwenda wapi?"

"Kimevunjika, mama."

"Hakikuvunjika. Umekitoa."

"Mama, kile kilikuwa..."

"Usiniambie." Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kabla ya kiboko. "Unafikiri mimi sijawahi kuona kitanda? Nilikijua kabla sijakishika. Nikamwona yule mtoto wa watu amekichomea hapo ili asinishike, amekilainisha kila mahali kisinikwaruze. Nikajiambia ni chuma. Nikashika chuma. Nilikuwa nimeshalimaliza jambo hilo."

Akauangalia tena mkono wake.

"Leo nimemshika bega, kanisa zima linaona. Hilo nitajiambia ni nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilichukizwa kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia kuhusu pipa, na mikono yangu iliyonuka, na shuka. Nilimkasirikia kwa kunyamaza wiki nzima. Nikamkasirikia mume wangu, na fundi wa Embu na vibonge vyake, na mwavuli. Lakini alikuwa ameshaanza kuangalia ukuta, kama kule nyumbani, na hapo hasira yote ikaniishia nikaogopa.

"Atakirudisha," nilimwambia.

"Apake rangi nyingine," alisema. "Na mtu asinieleze kitu."

Mume wangu alipeleka mbuzi kwa mama wiki hiyo, beberu asiye na doa wa kutakasa kule kugusana, bila kuagizwa na mtu na bila kunieleza. Alimfunga kwenye mti kando ya njia, akakohoa, akaondoka. Kisha akaenda nyuma ya banda, akakitoa kile chuma kwenye samadi, akakichomea mahali pake, akakipaka rangi nyeusi na kukiacha kikauke. Hakusema neno wakati wote huo, naye ni mtu wa kupiga mluzi.

Mama alipanda tena. Anapanda mpaka leo, kitambaa kimetiwa wanga, madigadi yale ya pipa la matumbo yakipokea kila kitu njia nzima. Akifika hushika chuma, anajiinua huku akitazama miti, na mume wangu anatazama upande mwingine, na wote wawili ni watu wenye heshima zao. Mimi ndiye ninayetazama. Kila Jumamosi jioni, mume wangu akiwa ameingia ndani, natoka na karai na sabuni na majivu, nakisugua kile kibonge. Kwa maana hiyo tumeshakitia rangi zaidi ya mara moja. Maji hutoka safi kama yalivyoingia, nayamwaga kwenye mashina ya ndizi, najaza karai, naanza tena.